Maswali ya Wafumaji: Skafu ya Kitunisia, Mikunjo Yake na Matuta Yake

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi ufumaji wa Kitunisia, ule unaotumia sindano moja ndefu yenye kulabu upande mmoja na kizuizi upande wa pili, ambamo vitanzi vya safu nzima hukusanywa juu ya sindano wakati wa kwenda na kufungwa kimoja kimoja wakati wa kurudi, bila ya kazi kugeuzwa. Barua zilizotufikia baada ya hapo, nyingi zikiwa za Lamu na Malindi, zinahusu skafu, na hilo si ajabu, kwa sababu upepo wa kusi umeshaingia na wengi wetu tuna watoto au ndugu walioko bara, ambako asubuhi za Julai hazina huruma. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na zilizofanana nimezijibu pamoja.

*Bi Mfumi, assalamu alaykum. Nimefuma skafu kwa mshono wa kawaida wa Kitunisia, uzi wa akriliki wa unene wa wastani na sindano namba 4, nayo imejiviringa kuanzia chini kama mkeka baada ya maulidi. Nimeipiga pasi ikalala siku hiyo, lakini sasa imelegea, inang'aa, na ncha bado zinajikunja. Nifanyeje? – Msomaji, Shela*

Wa alaykumu salamu, dada yangu. Kosa lilianzia kwenye namba ya sindano, kisha pasi ikaliongezea jingine. Ukiitazama skafu yako upande wa mbele utaona nyuzi za wima zimesimama kwa mpangilio, zikiwa bapa. Ukiigeuza utaona kwamba uzi mwingi, pamoja na mafundo ya safu ya kurudi, umerundikana nyuma. Kitambaa kilicho kizito mgongoni na chepesi kifuani hakiwezi kutulia, hivyo huviringika kuelekea mbele, hasa kwenye ukingo wa chini ambako hakuna kitu cha kukizuia. Sindano nyembamba huzidisha hali hiyo kwa kuwa hukaza vitanzi, na kitambaa cha Kitunisia kwa tabia yake kimeshikamana zaidi kuliko kile cha kulabu fupi tulichozoea kukifumia vitambaa vya meza. Ndiyo maana namba ya sindano iliyoandikwa kwenye lebo ya uzi, ambayo imekusudiwa kwa ufumaji wa kawaida, haifai kufuatwa hapa. Ongeza milimita 1 au 2 juu yake, na ikiwa mkono wako hukaza sana, ongeza hata zaidi ya hapo. Uzi wa lebo ya namba 4 mimi huufuma kwa namba 6.

Kuhusu pasi, akriliki ni uzi unaotengenezwa kiwandani kwa malighafi ya jamii ya plastiki. Joto la chuma likiugusa, uzi hulainika na kulala bapa, ukapoteza ule mnyumbuko uliokuwa nao, wala haurudi katika hali yake hata ukifuliwa mara kumi. Sehemu ambayo haijapata pasi ifumue na uzi wake uutumie upya. Ile iliyong'aa usiichanganye na uzi mzuri, kwa maana tofauti itaonekana kutoka mbali. Kama huna moyo wa kufumua, unaweza kutia vishada virefu kwenye ncha zote mbili ili uzito wake uvute kitambaa chini. Vishada vitasaidia ncha, lakini kingo za pembeni zitaendelea kujikunja, na kwa maoni yangu skafu iliyokwisha kuunguzwa haistahili kazi hiyo ya ziada.

Utakapoanza upya, fanya mambo mawili katika safu za mwanzo. La kwanza, unapookota vitanzi kwenye mnyororo wa msingi, usichomeke sindano katika nyuzi mbili za juu zinazofanana na herufi V. Ugeuze mnyororo kidogo utazame mgongo wake, utaona vijifundo vidogo vimepangana, kimoja kwa kila pete. Okota vitanzi katika hivyo, nao ukingo wa chini utakaa sawa na ule wa juu. La pili, safu mbili au tatu za kwanza zifume kwa mshono wa kinyume, ambao nimeueleza katika jibu linalofuata. Mshono huo huleta uzi upande wa mbele, kwa hiyo uzito unagawanyika na ukingo haupati sababu ya kuinuka.

*Bi Mfumi, shikamoo. Nataka kumfumia kaka yangu anayesoma Nairobi skafu yenye matuta ya sega la nyuki, niliyoiona imevaliwa na mgeni hapa Malindi. Naomba maelezo tangu mnyororo hadi kufunga. Je, nitumie pamba au akriliki, na ninunue madonge mangapi? – Binti wa Malindi*

Marahaba, mwanangu. Chaguo lako ni zuri, kwani sega la nyuki ndilo pambo ninalowapendekezea wanaoanza: lina mishono miwili tu, lina sura nzito ya kuvutia, na kwa kuwa mishono hiyo huvutana kila mmoja upande wake, kitambaa chake hulala vizuri kuliko kile cha mshono mmoja uliorudiwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na uzi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti anga lake hufunikwa na mawingu kwa siku nyingi, kwa hiyo kaka yako anahitaji joto. Sufu ingemfaa kuliko vyote, ila si rahisi kuipata huku kwetu, na wako watu ambao huwawasha shingoni. Akriliki laini inatosha, ni nyepesi na hukauka upesi. Pamba ningekushauri uiweke kwa ajili ya mtandio wa kuvaa hapahapa pwani, kwa sababu skafu ya pamba yenye matuta huwa nzito, na ikilowa hurefuka kwa uzito wake yenyewe. Chagua rangi nyepesi isiyo na mabaka. Kwenye uzi mweusi, au ule unaobadilika rangi kila baada ya hatua chache, matuta utakayoyatolea jasho hayataonekana, na mwanafunzi wa mfumo huu hawezi hata kuona mahali pa kuchomeka sindano.

Idadi ya madonge usiikisie. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha vitanzi 24 na safu 20 kwa uzi uleule na sindano ileile, kioshe, kikaushe, halafu pima kwa tepu sehemu ya katikati yenye upana wa sentimita 10, ukihesabu vitanzi vilivyomo. Katika maelezo yangu nitachukulia kwamba umepata vitanzi 16, ambayo ni hesabu ya kawaida kwa uzi wa wastani na sindano ya milimita 6. Kisha kipime kipande hicho kwa mizani ya jikoni na utafute uzito wa eneo la sentimita 10 kwa 10. Skafu ya upana wa sentimita 22 na urefu wa sentimita 170 ina ukubwa wa maeneo kama hayo 37 na kidogo. Ikiwa kila eneo lina gramu 7, utahitaji gramu 262 hivi, yaani madonge matatu ya gramu 100, na litakalobaki ni la vishada. Nunua yote kwa pamoja, na kabla ya kulipa linganisha namba ya kundi la rangi kwenye kila lebo, kwa sababu madonge ya rangi moja yaliyotiwa rangi katika pipa tofauti hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo hujitokeza ukishafuma. Aliye Lamu akigundua jambo hili baada ya kurudi nyumbani atalazimika kuvuka tena hadi Mokowe na kupanda basi la Mombasa, au kuridhika na skafu ya rangi mbili.

Sasa kazi yenyewe. Fuma mnyororo wa pete 35. Kitanzi kilichoko kwenye sindano kinahesabiwa kuwa cha kwanza. Kuanzia pete ya pili kutoka kwenye sindano, okota kitanzi kimoja katika kila kijifundo cha mgongo wa mnyororo, hadi uwe na vitanzi 35. Hiyo ndiyo safu ya kwenda. Ili kurudi, zungusha uzi kwenye kulabu na uupitishe katika kitanzi kimoja tu; baada ya hapo zungusha uzi na uupitishe katika vitanzi viwili, ukirudia hivyo mpaka kibaki kitanzi kimoja juu ya sindano. Safu ya kurudi ni hiyohiyo kila mara, katika kila pambo nitakalotaja. Mabadiliko yote ya sura hutokea wakati wa kwenda, na hutegemea mambo mawili tu: mahali kulabu inapoingia, na upande ambao uzi umekaa inapoingia.

Mshono wa kawaida hufumwa uzi ukiwa nyuma ya kazi: pitisha sindano kutoka kulia kwenda kushoto chini ya uzi wa wima wa mbele, zungusha uzi, vuta kitanzi na ukiache juu ya sindano. Mshono wa kinyume huanza kwa kuleta uzi mbele ya kazi kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Uzi ukiwa umeshikwa pale mbele, pitisha sindano chini ya uzi wa wima kama ulivyofanya awali, kisha upeleke uzi nyuma kwa chini ya sindano, uzungushe kwenye kulabu na uvute kitanzi. Ukitazama kwa karibu utaona kwamba umebakiza kijiuzi kifupi kilicholala kwa ulalo mbele ya ule wa wima, mfano wa ushanga mmoja. Kama huoni kijiuzi hicho, uzi ulirudi nyuma kabla ya kulabu kuingia, na huo uliofuma ni mshono wa kawaida. Mwanzoni mkono utasita sana kwenye hatua hii, hasa wakati wa joto ambapo kidole kina jasho na uzi hunata. Paka unga kidogo wa talki vidoleni na ujipe muda.

Fuma safu tatu za mshono wa kinyume kwa ajili ya ukingo, halafu uingie kwenye pambo. Katika kila safu uzi wa wima wa kwanza kabisa, ulioko chini ya kitanzi kilichobaki kwenye sindano, unarukwa, na wa mwisho hufumwa kama nitakavyoeleza katika jibu la kingo. Kati ya hizo mbili una nafasi 33. Safu ya kwanza ya pambo anza kwa mshono wa kawaida, ufuatishe wa kinyume, na uendelee kupokezana hivyo. Utamaliza kwa wa kawaida. Safu ya pili anza kwa wa kinyume na umalize kwa wa kinyume. Kwa maneno mengine, juu ya mshono wa kawaida weka wa kinyume, na juu ya wa kinyume weka wa kawaida. Huna haja ya kukariri safu, kwa kuwa kitambaa chenyewe kitakuonyesha: ukiona kijiuzi cha ulalo chini ya kulabu, mshono unaofuata ni wa kawaida. Pambo halitajitokeza mpaka umalize safu sita au saba, kwa hiyo usifumue mapema kwa kukata tamaa. Baada ya hapo vijishimo vya sega vitaanza kuonekana, na ukipitisha kiganja utayasikia matuta.

Ukitaka sura nyingine bila kujifunza jambo jipya, panga mishono hiyohiyo kwa makundi, kwa mfano mitano ya kawaida na mitano ya kinyume kwa safu nne, kisha ubadilishe nafasi zake, nawe utapata miraba iliyoinuka na iliyobonyea. Miraba hiyo inahitaji hesabu tofauti ya vitanzi: nafasi za katikati ziwe 35, na mnyororo uwe wa pete 37.

Urefu ukikaribia sentimita 168, fuma tena safu tatu za mshono wa kinyume. Kufunga ni rahisi: ingiza sindano kana kwamba unaendelea na pambo, lakini kitanzi unachokivuta kipitishe moja kwa moja katika kile kilichoko kwenye sindano, ili kisibaki zaidi ya kimoja. Funga kwa mkono mlegevu, la sivyo ncha ya juu itakuwa nyembamba kuliko ya chini. Donge jipya liunganishe ukingoni mwa kulia, mwishoni mwa safu ya kurudi, vitanzi viwili vinapobaki. Ukiunganisha katikati, fundo litakutana na matuta na kuyaharibu.

*Kwa nini skafu yangu inapungua upana upande wa kushoto, ilhali wa kulia umenyooka? – Wasomaji wa Mkomani na wa Malindi*

Sababu huwa mojawapo ya tatu, na mara nyingi zaidi ni ile ya kwanza: uzi wa wima wa mwisho umesahauliwa, kwa sababu umejificha pembeni na hauonekani mpaka uvute ukingo kwa kidole. Pindua ukingo huo kidogo kuelekea kwako utaona nyuzi mbili zimesimama pamoja, moja mbele na moja nyuma yake. Pitisha sindano chini ya zote mbili, na ukingo wako utakuwa na msuko uleule unaouona upande wa kulia. Sababu ya pili ni kuanza safu ya kurudi kwa kupitisha uzi katika vitanzi viwili badala ya kimoja, jambo linaloubana ukingo. Ya tatu ni kukaza uzi mno pale kazi inapogeuka mwelekeo. Hesabu vitanzi kabla ya kila kurudi, walau katika robo ya kwanza ya skafu. Hesabu ya 34 ikirekebishwa palepale ni kazi ya kuvuta kitanzi kimoja, lakini ikigunduliwa safu ishirini baadaye ni kazi ya jioni nzima. Ikiwa vitanzi vinazidi badala ya kupungua, basi umefuma ule uzi wa kwanza uliopaswa kurukwa.

Msomaji anayetumia mkono wa kushoto aliyeuliza kama maelezo yanamhusu, ndiyo, yanamhusu. Abadilishe tu kulia kuwa kushoto kila mahali, na kitambaa kitatoka vilevile.

*Mimi ni fundi wa kuchonga mbao, Langoni. Mwenzangu ameshindwa kupata sindano ndefu ya namba 6, nami nataka kumchongea. Nizingatie nini? – Fundi, Lamu*

Ndugu fundi, mwenzako amebahatika. Tofauti kubwa kati ya sindano hii na kulabu fupi ni kwamba vitanzi hukaa juu ya mwili wake wote, hivyo unene lazima uwe uleule kutoka shingoni mwa kulabu hadi mwisho. Sindano iliyonenepa katikati itatoa vitanzi vya ukubwa tofauti, na ile yenye bapa la kuwekea kidole gumba haifai kabisa. Toboa tundu kwa keekee ya milimita 6 katika kipande cha ubao mgumu na ulitumie kama kipimo: sindano ipite ndani yake kwa urefu wote bila kucheza na bila kukwama. Urefu wa sentimita 30 unatosha kwa skafu. Kichwa cha kulabu kiwe cha mviringo, kisichochoma, na mdomo wake uingie ndani kiasi cha kushika uzi mmoja bila ya kuuchana. Upande wa pili acha kirungu kidogo, au mwambie afunge mpira wa kubania noti, ambao hufanya kazi hiyohiyo ya kuzuia vitanzi visidondoke.

Mti uwe mkavu kabisa na wenye nyuzinyuzi zilizonyooka. Mbambakofi unaobaki kwenye kazi ya milango unafaa ukipata kipande kisicho na fundo. Msasa laini wa mwisho usiuonee uvivu. Ipake sindano mafuta kidogo ya nazi, uifute mpaka kitambaa kitoke kikavu, na uiache siku kadhaa kabla haijaguswa na uzi mweupe. Unyevu wa kisiwani huinua nyuzinyuzi za mti, kwa hiyo baada ya muda sindano itaanza kukwaruza na itahitaji msasa tena. Anayetaka kuepuka usumbufu huo atafute ya alumini, ambayo haipati kutu kwa hewa ya chumvi.

*Nimemaliza skafu ya sega la nyuki, matuta yapo ila kingo zimepinda pinda. Nainyooshaje bila kuua matuta? – Msomaji, Malindi*

Inategemea uzi. Ikiwa ni pamba au sufu, iloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo mpaka ilowe yote, uikamue ndani ya taulo kwa kuibonyeza, si kwa kuisokota, kisha uitandaze juu ya godoro lililofunikwa taulo kavu. Ipimie kwa tepu upana wa sentimita 22 kila mahali na uibane kwa pini zisizoshika kutu, moja kila baada ya sentimita 5 hivi; pini za kawaida katika hewa yetu huacha alama ya kahawia ambayo haitoki. Usiivute kupita upana wake, kwa kuwa sega likinyooshwa sana hubaki vijishimo visivyo na kina. Ikauke kivulini, mahali ambapo kusi halitaipeperusha, na usiianike juu ya kamba.

Ikiwa ni akriliki, ibane vivyo hivyo ikiwa kavu, na upitishe pasi ya mvuke juu yake bila ya chuma kugusa uzi, ukiacha nafasi ya vidole viwili. Mpito mmoja kwa kila upande unatosha. Iache palepale mpaka ipoe kabisa, ndipo uchomoe pini.